Bingwa wa Mwaka Sitini na Sita

Nimesoma madaftari kumi na moja ya mihtasari ya klabu yetu, kuanzia lile la mwaka 1936 hadi hili la juzi, na jambo pekee ninaloweza kuapa kuhusu historia ya wanawake wa mchezo wa matufe wa mji wetu wa Dalcraigie ni kwamba chai ilitolewa. Imeandikwa kila Jumanne na kila Alhamisi. Chai ilitolewa, Bi fulani akashukuriwa kwa skonzi zake, mkutano ukafungwa. Vita vya dunia vilianza vikaisha, na katika daftari letu vinaonekana mahali pamoja tu, pale sukari ilipopungua.

Kazi hii ya kuandika historia nilitwishwa mwezi wa pili mwaka huu wa 2011, kwenye mkutano ambao sikuhudhuria kwa sababu nilikuwa na mafua. Ndivyo kazi zinavyogawiwa kwetu, asiyekuwepo ndiye anayefaa. Klabu inatimiza miaka sabini na mitano, basi kiandikwe kitabu chembamba chenye picha. Tena kiandikwe upesi, maana ikifika Novemba klabu ya wanawake haitakuwepo tena. Sheria imebadilika, wanaume hawawezi tena kutufanya wageni kwenye uwanja, na klabu mbili zinakuwa moja.

Sipingi kuungana. Miaka yote hiyo tumecheza siku mbili kwa wiki, saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, kwenye nyasi ambazo wanaume walizitumia muda wote uliobaki. Sababu ya saa kumi na mbili ni kwamba wanaume walitoka kiwanda cha mazulia saa kumi na moja na nusu, wakapita nyumbani kula, wakaja uwanjani. Kiwanda kilifungwa mwaka 1979. Wanaume wakakaa nyumbani kutwa nzima wakihesabu magari dirishani, nasi bado tukawa tunatoka uwanjani saa kumi na mbili kamili, huku tukiwaachia nyasi zilizofagiliwa. Nimetafuta katika madaftari yote mahali ambapo mtu aliuliza kwa nini. Sijapaona.

Na hata majina hakuna. Waanzilishi walikuwa kumi na wawili, na daftari linawaita Bi Thomas Orr, Bi James Haddow, Bi Robert Peddie, majina ya waume zao kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, utadhani klabu ilianzishwa na wanaume kumi na wawili waliovaa sketi. Ilinibidi niende makaburini siku ya mvua, nipanguse kuvu kwenye jiwe, ndipo nikajua kwamba mwenyekiti wetu wa kwanza aliitwa Euphemia. Nilisimama pale nimelowa chapachapa, nimekasirika hadi kichwa kinaniuma, na sikuwa na wa kumkasirikia.

Lakini hilo ni dogo. Lililoninyima raha mwaka mzima ni mwaka 1966.

Ubao wetu wa mabingwa unaning'inia kwenye ujia, ubavuni mwa mlango wa choo. Wa wanaume uko ukumbini juu ya meko. Kwenye wetu kila mwaka una jina lake kwa rangi ya dhahabu, isipokuwa 1966. Pale pameandikwa mwaka, halafu mbao tupu. Kila mwanachama mpya huuliza, na kila mwanachama mpya huambiwa kisa kilekile, kwamba huo ndio mwaka wanaume walipotufukuza uwanjani katikati ya fainali. Ni kisa chetu kikuu. Wengine wana vikombe, sisi tuna kisa.

Fainali yenyewe ilikuwa kati ya Ina Tulloch na Netta Garvie. Mchezo wetu hauna makuu. Kuna kijimpira cheupe, sisi hukiita shabaha, na kila mchezaji huviringisha matufe yake manne kutoka kwenye mkeka akijaribu kulala karibu nacho. Aliye karibu zaidi ndiye mwenye pointi, na anayetangulia kufika ishirini na moja ndiye mshindi. Walifika ishirini kwa ishirini. Wakacheza raundi ya mwisho, matufe yote manane yakalala, na mawili kati yake, moja la Ina na moja la Netta, yakawa yameibana shabaha huku na huku. Kwa macho hukuweza kuyatofautisha. Ilitakiwa msimamizi wa mchezo apige magoti, atoe utepe, apime. Hakupima. Msimamizi alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, aliyevaa viatu bapa vya kuazima. Msichana huyo ni mimi.

Sasa ubao wa zamani unashushwa, na ukumbini utapandishwa mmoja mkubwa wa klabu mpya, wanaume na wanawake pamoja. Mwenyekiti wa klabu hiyo mpya ni Archie Meikle, mfamasia mstaafu, mtu mpole anayefungua mlango kwa kila mtu hadi yeye mwenyewe anachelewa. Archie alituambia kwamba fundi wa kuchonga anataka orodha kamili kabla ya Ijumaa. Pengo halitapendeza, alisema, litaonekana kama jino lililong'oka. Ama tumpe jina la bingwa wa 1966, ama mwaka huo uachwe kabisa. Kamati ya wanawake ikajadili kwa dakika tatu na kuamua kwamba Rhona ndiye aliyesimamia mchezo, basi Rhona atasema ni nani, siku ya Alhamisi, mbele ya wote. Mara hii nilikuwepo. Haikusaidia kitu.

Jumatatu alikuja Lorna, binti wa Ina, katibu wetu. Ina alifariki miaka mitatu iliyopita. Lorna alileta keki ya limau, akaiweka mezani, akasifu mapazia ambayo ameyaona tangu utoto wake. Nilijua kilichomleta. Nilimwacha azunguke mbuyu hadi chai yake ikapoa.

"Dada Rhona," alisema mwishowe, "mama alikufa akisema lile tufe lilikuwa lake. Sikuombi uongo. Nakuomba ukumbuke tu."

"Nakumbuka vizuri mno. Hayakupimwa."

"Lakini wewe ulisimama juu yake. Macho yako yaliona nini?"

"Macho hayapimi, Lorna. Ndiyo maana nilipewa utepe."

"Basi sema kile macho yalichodhani. Atakayekupinga nani? Wale wanaume wamekufa wote. Bi Netta mwenyewe siku hizi haoni hata basi linalosimama mbele yake."

Hapo damu ilinichemka. Ina alikuwa bingwa mara nne, jina lake limo kwenye ubao kwa dhahabu mara nne, na alikuwa anajua kulitaja. Netta aliingia fainali tatu nyingine akashindwa zote. Nilimwambia Lorna kwamba mama yake hana njaa ya ubingwa huko aliko. Aliondoka midomo ameibana, na keki akaniachia, jambo lililonikera zaidi kwa sababu ilikuwa keki nzuri.

Nilikaa na daftari la mwaka huo mapajani. Alhamisi, tarehe moja Septemba. "Fainali haikumalizika kwa sababu ya muda. Chai ilitolewa." Ni mistari miwili tu, mwandiko wa Bi Haddow, safi kama sahani. Nilitaka kulitupa dirishani.

Maana kuna jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote, si marehemu mume wangu wala kasisi. Wanaume hawakutufukuza.

Nitaeleza ilivyokuwa. Tufe la mwisho liliposimama, saa ya jengo la klabu ilikuwa inaonyesha dakika mbili kabla ya saa kumi na mbili. Wanaume kama wanane walikuwa wameshafika, wamesimama juu ya ukingo wa nyasi na mifuko yao ya matufe. Mwenyekiti wao alikuwa Struan Peddie, mtu mrefu mwenye kiko. Katika kisa chetu Peddie anapaza sauti, anasema wakati wenu umekwisha akina mama, tokeni. Ina alikuwa akiigiza hiyo sauti vizuri sana, hadi watu wanacheka na kukasirika kwa pamoja. Ukweli ni kwamba Peddie alikuwa anawasha kiko. Hakusema neno. Hakuna aliyesema neno. Mmoja wao nadhani alikuwa amechuchumaa ili aone vizuri tufe lipi liko karibu, maana na wao ni wachezaji, walitaka kujua kama sisi.

Mimi niliwaona tu. Niliona suruali nyeupe zimepangana pale ukingoni, na mwili wangu ukafanya ulichozoea kufanya kila Jumanne na Alhamisi tangu nilipokuwa nikimfuata mama yangu pale nikiwa mtoto. Utepe ulikuwa mfukoni, mkono wangu ulikuwa juu yake. Nikauacha. Nikainama nikaanza kuokota matufe. Nilipozinduka nilikuwa nimekumbatia matatu kifuani, shabaha nimeisukuma kwa mguu, na hakukuwa tena na kitu cha kupima duniani.

Tulipofika jikoni kisa kilikuwa kimeshazaliwa. Ina alikuwa analia kwa hasira, akisema wametufukuza, umeona walivyotufukuza. Wote wakasema wameona. Nikaona nami niseme nimeona. Nilikuwa mdogo, niliogopa, na uongo huo ulikuwa umeshaandaliwa mezani, mtu unajichukulia tu. Baada ya miaka michache nilikuwa nakisimulia mwenyewe, na kuongeza chumvi. Mimi ndiye niliyeongeza kwamba Peddie alitazama saa yake ya mfukoni.

Mechi ingeweza kurudiwa. Lakini Ina alisema harudii hadi wanaume waombe radhi, na wanaume hawakuomba radhi kwa sababu hawakujua wamekosa nini. Peddie alipita mitaani miaka ishirini akinuniwa na wanawake wa Dalcraigie, akamwuliza mkewe kulikoni, na mkewe naye, aliyekuwa mwenzetu, akamnunia. Alikufa hivyo hivyo. Mvua ikanyesha Septemba yote, msimu ukafungwa.

Kwa hiyo kila nilipokaa kuandika kile kitabu nilifika mwaka 1965 vizuri tu, halafu kalamu ikagoma. Nikiandika kisa cha kufukuzwa, namsingizia marehemu kwenye kitabu chenye picha. Nikiandika ukweli, nawanyang'anya wanawake wote kitu walichokikasirikia kwa miaka arobaini na mitano, na Netta na marehemu Ina nawaambia kwamba aliyewaibia ubingwa ni mimi. Ilipofika Jumanne niliona njia ya tatu. Nitamwandika Netta. Nitasimama Alhamisi niseme tufe lake lilikuwa karibu zaidi, niliona, basi. Hakuna awezaye kunikanusha, na Netta ana miaka themanini, macho yanamwishia, mtoto wake anamhamishia kwake Aberdeen baada ya sherehe ya kuungana kwa klabu. Nina deni naye, nilijiambia. Lakini kwanza nimwambie yeye peke yake nilichofanya, anisamehe au asinisamehe, ndipo nimpe jina lake.

Netta anakaa ghorofani, juu ya duka lililokuwa la mkate enzi za mumewe. Alinifungulia kwa kupapasa ukuta. Chumba kilikuwa na maboksi ya kuhamia, na aliniamuru niyaruke nisiyaguse maana ameyapanga kwa kuyahesabu kwa mguu. Akaketi kitini, akageuza uso pembeni kidogo, kwa sababu siku hizi anaona vizuri zaidi kwa pembe ya jicho.

"Haya mwanangu," alisema. "Umekuja na jina?"

"Nimekuja na jambo, Bi Netta."

"Jambo halichongwi kwenye ubao. Ila sema."

Nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa mpangilio, lakini yalitoka shaghalabaghala, Peddie na kiko chake, utepe mfukoni, matufe kifuani. Nilimwambia kwamba hakuna mwanamume aliyefungua mdomo siku ile. Nilimwambia ni mimi, mimi peke yangu, niliyemnyima ubingwa, kisha nikamwacha amchukie mtu asiyehusika hadi mtu huyo akafa. Nilimwambia naona aibu. Nilikuwa nalia, na nilichukia kulia, kwa sababu ilionekana kama naomba kubembelezwa.

Netta hakunibembeleza. Alisugua goti lake.

"Tufe la kwanza uliokota lipi?" aliuliza.

"Sikumbuki. Nadhani la Ina."

"La kwanza hukuliokota. Ulipewa."

Nikamwambia sikumwelewa.

"Ulipewa mkononi, Rhona. Nilikupa mimi." Alisema polepole, kama anayemwelekeza mtu njia. "Siku ile nilikuwa zamu ya chai. Sandwichi za mayai zilikuwa bado zimefunikwa kitambaa, birika halijawekwa. Nikaona wanaume pale ukingoni, na mguu wangu ukageuka wenyewe. Fainali yangu, ishirini kwa ishirini, na mimi nawaza birika. Nikainama nikachukua tufe langu, lile lile lililolala kwenye shabaha, nikakusukumia kifuani. Wewe ulikuwa umesimama umeduwaa na mkono mfukoni. Kama nisingekupa lile, ungepima. Nadhani ungepima."

Nilijaribu kuiona ile siku tena, na sikuweza kuuona mkono wake ndani yake. Nimeibeba siku hiyo miaka arobaini na mitano, na mkono wenyewe ulionipa tufe nilikuwa nimeufuta, ili kosa libaki langu lote. Sikujua nicheke au nimpigie kelele.

"Kwa nini hukusema?" nilimwuliza.

"Nawe kwa nini hukusema?"

"Bi Netta, nilikuja hapa nikiwa nimeshaamua. Alhamisi nilikuwa nakuandika wewe."

"Najua. Nimengoja uamue hivyo tangu ukiwa msichana." Alicheka kidogo, bila furaha. "Kila Krismasi nakuletea keki ya matunda. Unadhani nakupenda kiasi hicho? Nilikuwa nangoja uniambie uongo, mwanangu. Siku moja tu uje useme, Netta, mimi niliona, lilikuwa lako. Ningeupokea kwa mikono miwili. Na wewe mkaidi kama nyumbu, kila mwaka hayakupimwa, hayakupimwa."

"Basi upokee sasa."

"Sasa umekuja na ukweli. Umeniharibia." Akageuza uso ili anione kwa pembe. "Andika ilivyokuwa. Jina langu liweke kwenye kuokota. Usiliweke kwenye ubingwa."

Nilimwuliza mara tatu kama ana hakika. Mara ya tatu aliniambia nisimfanye mtoto, nimmiminie chai, na nikitaka kulia tena nikalie kwenye ngazi.

Niliandika ukurasa huo jioni ile ile. Ulikuwa mfupi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili kalamu haikugoma. Niliandika matokeo yalivyokuwa, nani alisimama wapi, kwamba Struan Peddie alikuwa anawasha kiko na hakusema neno. Niliandika kwamba Netta Garvie aliinua tufe lake mwenyewe akanipa, nami nikaokota yaliyobaki, kwa sababu saa kumi na mbili ilikuwa inakaribia na hivyo ndivyo tulivyozoea. Mwishoni nikapendekeza kwamba kwenye ubao mpya uandikwe mwaka 1966, na mbele yake neno moja, "haikupimwa". Niliusoma mara mbili. Niliona kwamba katika madaftari yote kumi na moja hakuna ukurasa mwingine unaotueleza sisi hasa. Nilijivunia. Huwa sijivunii vitu.

Alhamisi nilimchukua Netta kwa gari langu, nikamketisha karibu nami. Tulikuwa wanawake kumi na sita, na Archie amealikwa kwa sababu ya orodha ya fundi. Nilisimama nikasoma. Nilipofika pale Netta aliponipa tufe, wengi walimgeukia, naye akainua kidevu kidogo, basi. Nilipomaliza nilimtazama Archie, maana nilidhani kama kuna tatizo litatoka kwake.

Archie alivua miwani, akaifuta. Alisema ni ukurasa mzuri na wa kiungwana, na kwa upande wake hana pingamizi kwa neno hata moja, iwe kitabuni au kwenye ubao. Alisema hata fundi hatajali, neno moja si kitu.

Wa kwanza kuzungumza alikuwa Lorna. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. Alisema anamwonea huruma Archie, si vizuri kumweka mgeni katika hali hiyo kwenye sherehe. Archie akasema yeye hajambo. Mwingine akasema siku ile watu watakuja na wajukuu, na ukurasa huu unatuonyesha kama wajinga. Mwingine akauliza kama kuna haja, baada ya miaka yote. Kisha Elma Haddow, mke wa mjukuu wa yule Bi Haddow wa daftari, mwanamke ninayemheshimu, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini na hamwogopi mtu, akasema walichokuwa nacho wote moyoni.

"Mimi nimewasimulia binti zangu kwamba tulifukuzwa," alisema. "Wamekua na hasira hiyo, ikawafaa. Leo nikawaambie hatukufukuzwa, tuliinama wenyewe? Hapana. Bora tubaki tuliofukuzwa."

Wakapiga makofi. Nilisema, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko nilivyotaka, kwamba hasira hiyo tumeielekeza kwa marehemu aliyekuwa anawasha kiko, na wakati tukimnunia yeye tuliendelea kutoka uwanjani saa kumi na mbili kwa miaka arobaini na mitano mingine bila mtu kutuambia. Nilisema hicho ndicho kitu cha kuwaambia binti zetu. Walinisikiliza kwa adabu. Wanawake wa Dalcraigie wanajua kumsikiliza mtu kwa adabu hadi atamani kuvunja vyombo.

Ndipo Archie, kwa wema wake, akamaliza kila kitu. Alisema anaona jambo hili lina uchungu, na kama litasaidia, yuko tayari kuandika barua kwa niaba ya wanaume wa klabu, ya kuomba radhi kwa yaliyotokea mwaka 1966. Inaweza kuchapishwa kitabuni mahali pa ukurasa wangu. Na mwaka wenyewe, ili kuepusha maneno, usiandikwe kwenye ubao. Alisema hivyo akinitazama mimi, kama anayeniletea kiti.

Nilisubiri mtu aseme kwamba amesikia ukurasa niliosoma. Archie mwenyewe alikuwa ameusikia. Lakini mtu mwema akiona wanawake wanahuzunika huomba radhi, hajui kufanya lingine, na sisi tukiombwa radhi hatujui kukataa. Lorna aliuliza wanaokubali wainue mikono. Mikono kumi na minne ilikuwa juu kabla hajamaliza sentensi. Wangu ulibaki mezani, na wa Netta ulikuwa juu ya fimbo yake. Archie peke yake ndiye aliyeuliza kama tuna hakika.

Lorna akamwambia tuna hakika, na tunawasamehe wanaume kwa moyo mmoja. Netta alikuwa amegeuza uso pembeni, akijaribu kuiona ile mikono iliyoinuliwa.

"Mnawasamehe kwa lipi?" aliuliza.

Lorna aliinamia daftari akaandika, na juzi nimelifungua kutazama alichoandika. Ahadi ya barua ya radhi ilipokelewa kwa shukrani, mwaka 1966 ukaondolewa kwenye orodha bila kupingwa. Swali la Netta halimo.